Kuhama Shule ya Famasia Ukiwa Umekaribia Kumaliza: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa PharmD Marekani

Mwanafunzi wa famasia akinipigia simu kuniambia anataka kuhama chuo, swali lake la kwanza huwa ni kama atakubaliwa. Mimi humuuliza: umeambiwa utaingia mwaka gani, na umeambiwa kwa maandishi? Hapo simu hukaa kimya kidogo.

Kimya hicho nakijua. Nilihama nikiwa nimemaliza mwaka wa pili kati ya minne ya PharmD, shahada ya kitaaluma ya famasia ya Marekani, kwa sababu za kifamilia. Mhudumu wa udahili katika chuo nilichokuwa nakwenda aliniambia kwa simu kwamba ningeanza mwaka wa tatu moja kwa moja. Nikaandika barua ya kujitoa, nikavunja mkataba wa nyumba, nikafunga mizigo. Wiki tatu kabla ya masomo kuanza ikaja barua: baada ya kupitia silabasi zako, utaingia mwaka wa pili. Nafasi yangu ya zamani ilikuwa imeshafungwa. Nikalipa ada ya mwaka mzima mara ya pili, na mshahara wa mfamasia ukasogea mbele mwaka mzima. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyotamani mtu aniambie wakati ule, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Hakikisha kuhama ndiyo dawa ya tatizo lako

Anza na sababu. Kuna inayonifikia mara nyingi ambayo haina msingi: "Nataka kufanya kazi Texas, kwa hiyo lazima nimalizie Texas." Hapana. Shahada ya PharmD kutoka shule yoyote yenye ithibati ya ACPE, baraza lililoanzishwa 1932 ambalo huidhinisha elimu ya famasia nchini Marekani, inakuruhusu kuomba leseni katika jimbo lolote. Mtihani wa leseni wa NAPLEX ni mmoja kwa nchi nzima. Kinachobadilika kati ya jimbo na jimbo ni sheria za famasia, na mtihani wa sheria unaweza kuusomea ukiwa popote. Majimbo mengi hutumia MPJE. California ina mtihani wake, CPJE.

Sababu ya pili ni nzito zaidi: mzazi anaumwa, mume au mke amepata kazi jimbo lingine, mtoto hana mlezi. Hapa nakuomba usimame kwanza. Ukiwa mwaka wa tatu, umebakiza muda mfupi tu kuingia mwaka wa nne, na mwaka huo karibu wote ni rotesheni, yaani zamu za mafunzo kwa vitendo, za hospitalini, kliniki na madukani. Shule nyingi zina vituo nje ya jimbo, au huruhusu mwanafunzi kuomba kituo kipya kikisainiwa makubaliano. Kwa hiyo unaweza kuishi karibu na familia kwa mwaka mzima, ukiwa bado mwanafunzi wa chuo chako, bila kupoteza krediti hata moja. Nenda ofisi ya mafunzo kwa vitendo, siyo ya udahili, uulize: "Rotesheni ngapi kati ya zangu zinaweza kufanyika mji fulani?" Uliza mapema, kwa sababu makubaliano kati ya chuo na hospitali huchukua miezi kupita kwa wanasheria wa pande zote mbili. Wanafunzi wawili niliowashauri walimaliza hivi, na ninaamini ndiyo njia iliyowafaa kuliko kuhama.

Kama shida ni ya miezi michache, omba likizo ya masomo yenye tarehe ya kurudi. Nafasi yako inabaki.

Sababu ya tatu ni kufeli, na hapa lazima niseme wazi. Shule karibu zote zinazopokea wanaohama hudai barua kutoka kwa mkuu wa shule yako inayothibitisha kwamba uko katika hali nzuri kitaaluma na kinidhamu, na kwamba unastahili kuendelea na masomo pale ulipo. Aliyekwisha kuondolewa hapati barua hiyo. Ukiwa na somo ulilofeli, lirudie na ulifaulu kwanza, kisha ndipo ufikirie kuhama.

Ipo pia hali ambayo hukuichagua: shule yako inafungwa, inaunganishwa na nyingine, au ithibati yake imeingia mashakani. Shule inayofungwa hutakiwa kuwa na mpango wa kuwamalizisha wanafunzi waliopo au kuwahamishia kwingine kwa makubaliano maalumu. Usikimbie kabla hujausoma mpango huo, kwa kuwa masharti ndani yake huwa nafuu kuliko utakayopata ukijipeleka mwenyewe. University of the Sciences ya Philadelphia ilipoungana na Saint Joseph's University mwaka 2022, shule ya famasia iliingia chini ya chuo kipya na masomo yakaendelea. Muungano wa aina hiyo haudai uhame.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini mwaka wa tatu hauhamishiki kirahisi

Mtu aliyewahi kuhama chuo cha kawaida anadhani krediti ni kama fedha: ukishaipata unaitumia popote. Katika famasia krediti ni kama tofali lililofinyangwa kwa ajili ya ukuta mmoja. Chukua somo la tiba kwa dawa. Shule A inafundisha moyo na shinikizo la damu muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, kisha figo, kisha kisukari. Shule B inaanza na maambukizi na viuavijasumu, inauacha moyo hadi mwaka wa tatu. Ukitoka A kwenda B mwishoni mwa mwaka wa pili, utasoma moyo mara mbili na maambukizi hujayagusa, wakati darasa unaloliingia limeshayapita. B haiwezi kukufungulia darasa la mtu mmoja. Inakuweka mwaka wa pili.

Hali huwa ngumu zaidi pale ambapo shule moja hutenganisha famakolojia, kemia ya dawa na tiba kuwa masomo matatu, na nyingine imeyachanganya ndani ya moduli moja kwa kila mfumo wa mwili. Nusu ya moduli haihesabiwi kuwa krediti.

Ongeza sheria ya famasia. Ulisoma sheria za Ohio, unakwenda Florida: uwezekano mkubwa ni kuambiwa usome tena, na mimi naona ni haki.

Halafu kuna saa za vitendo. ACPE inataka angalau saa 300 za mafunzo ya awali, IPPE, na angalau saa 1,440 za mafunzo ya juu, APPE, yaani wiki 36 za saa 40. Ndani ya saa 300 zile, angalau 150 zinatakiwa zigawanywe kwa uwiano kati ya famasi za mtaani na hospitali. Mwanafunzi anaweza kuwa na saa 200 na bado akakosa, kwa kuwa zote alizifanyia dukani. Zihesabu saa zako kwa aina, siyo kwa jumla.

Kuingia mwaka wa nne moja kwa moja usiuwekee matumaini. Vyuo huwa na kiwango cha krediti ambacho lazima uzipatie kwao ndipo wakupe shahada yao, na rotesheni za mwaka wa nne hugawanywa miezi mingi kabla ya kuanza, wakati wewe hujafika. Lengo la kweli kwa aliye mwaka wa pili ni kuingia wa tatu. Aliyemaliza wa tatu ajue kwamba huenda akaurudia wote.

Hatua ya 3: Chagua shule chache, uzichunguze kabla hujaandika

Marekani ina takriban shule 140 za famasia, na kwa kuwa idadi ya waombaji imeshuka sana katika miaka ya karibuni, nyingi zina nafasi wazi. Hilo linakusaidia. Shule ambayo zamani isingekujibu leo inaweza kukaa nawe kupitia silabasi moja moja. Lakini nafasi wazi ina upande wake wa pili: shule yenye njaa ya ada inaweza kukukubali haraka na kukurudisha nyuma mwaka, na kwao hiyo ni faida.

Angalia mambo matatu. La kwanza ni hali ya ithibati katika orodha ya ACPE yenyewe. Shule mpya ambayo haijatoa wahitimu huwa katika hadhi ya mgombea; wahitimu wake hutambuliwa na mabodi ya majimbo, ila wewe unakuwa umebeba hatari ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana muda wa kuikimbia na wewe huna. Shule iliyo chini ya uangalizi iulize sababu. La pili ni kiwango cha kufaulu NAPLEX, ambacho NABP, chama cha kitaifa cha bodi za famasia, hukichapisha kwa kila shule, pamoja na asilimia ya wanaomaliza kwa wakati, ambayo shule hutakiwa kuiweka wazi. La tatu ni urefu wa programu. Zipo shule zinazofundisha PharmD kwa miaka mitatu bila likizo za kiangazi, kama University of the Pacific kule California. Kuhama kutoka programu ya miaka minne kwenda ya mitatu kunavutia machoni, lakini mihula yake haiendani na yako hata kidogo.

Neno kwa ndugu wanaosoma Nairobi au Dar es Salaam na wanaouliza kama wanaweza kuhamia katikati: njia hiyo karibu haipo, kwa sababu shule za PharmD hupokea wanaohama kutoka shule zenye ithibati ya ACPE. Njia yenu ni kumaliza nyumbani kisha kupitia FPGEC ya NABP, utaratibu wa kuwathibitisha wafamasia waliosomea nje ya Marekani. Hapo zingatia jambo moja mapema: aliyehitimu kuanzia Januari 1, 2003 anatakiwa awe amesoma mtaala wa famasia wa angalau miaka mitano. Shahada ya University of Nairobi ni ya miaka mitano. Ya Muhimbili ni ya miaka minne. Ni heri ulijue hilo ukiwa bado mwanafunzi.

Hatua ya 4: Andika barua pepe kwa mtu sahihi

Usimwandikie mhudumu wa udahili peke yake. Anayeamua utaingia mwaka gani ni mkuu msaidizi anayeshughulikia masuala ya wanafunzi au mtaala, pamoja na kamati ya walimu. Mwandikie huyo, nakala kwa udahili. Barua iwe fupi: uko shule gani, mwaka gani, wastani wako, kwa nini unahama (sentensi mbili, bila kuisema vibaya shule yako), na lini unataka kuanza. Kisha maswali haya, yenye namba, ili ajibu kwa namba:

1. Je, mnapokea wanaohamia mwaka wa tatu, na mara ya mwisho mlimpokea lini?
2. Nani anatathmini silabasi, na majibu hutoka kabla au baada ya mimi kulipa amana?
3. Krediti ngapi lazima nizipatie kwenu?
4. Saa zangu za IPPE zitahesabiwa zote?
5. Niombe kupitia PharmCAS (mfumo wa pamoja wa maombi ya shule za famasia) au kwa fomu yenu?

Swali la pili ndilo lililonigharimu mimi mwaka. Shule ikijibu kwamba tathmini hufanyika baada ya kujiandikisha, waombe tathmini ya awali kwa maandishi. Wakikataa, ondoa shule hiyo kwenye orodha yako. Sijaona sababu inayotosha kumfanya mtu alipe kabla ya kujua anachonunua.

Hatua ya 5: Kusanya silabasi kama mtu anayejenga kesi

Transkripti inaonyesha jina la somo na alama. Kamati haiwezi kuamua kwa hilo. Inataka kuona ulifundishwa nini wiki kwa wiki, kwa saa ngapi, kwa kitabu gani, na ulipimwaje. Pakua silabasi zote sasa hivi, leo, hata kama bado hujaamua kuhama, kwa sababu siku utakapojitoa akaunti yako ya chuo itafungwa na wewe utabaki kuomba kwa walimu mmoja mmoja.

Kisha fanya kazi ambayo wengi hawaifanyi: tengeneza jedwali. Safu ya kushoto iwe masomo ya shule mpya kwa mihula yote kabla ya ule unaoomba kuuingia. Safu ya kati iwe somo lako linalolingana nalo. Safu ya kulia, mada ambazo hukuzisoma. Kuwa mkweli katika safu hiyo ya mwisho. Ukionyesha kwamba unakosa mada nne tu, na ukapendekeza kuzisoma kiangazi au kwa kujisomea na kufanya mtihani, kamati inaweza kukukubalia. Ukiacha waligundue pengo wenyewe, watakuweka nyuma mwaka kwa tahadhari.

Pamoja na hayo weka transkripti rasmi, barua ya mkuu wa shule, rekodi ya saa za vitendo iliyosainiwa, chanjo, cheti cha huduma ya kwanza ya moyo, na barua mbili za walimu. Mwombe angalau mmoja wa walimu waliokusimamia katika mafunzo. Ukija kuomba mafunzo ya ukaazi hospitalini mwaka wa nne, utahitaji watu wanaokufahamu kazini, na kwenye shule mpya utakuwa mgeni; usiache mahusiano ya zamani yapoe.

Hatua ya 6: Fedha

Huwezi kupokea msaada wa serikali kuu kwa vyuo viwili kwa kipindi kimoja. Waambie ofisi ya mikopo ya chuo cha zamani wafute malipo yajayo, kisha ongeza msimbo wa chuo kipya kwenye FAFSA yako, yaani fomu ya kuomba msaada huo. Usiache masomo katikati ya muhula. Ukitoka kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula, msaada hukokotolewa upya, sehemu ambayo bado hujaistahili hurudishwa, na chuo kinaweza kukudai pengo. Chuo kinachokudai kinaweza kukufanyia mambo yawe magumu wakati unahitaji transkripti. Maliza muhula, lipa deni, ndipo uondoke.

Kuna jambo jipya ambalo lazima ulijue. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imefunga Grad PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada za juu, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Wanafunzi wa shahada za kitaaluma, famasia ikiwemo, wamewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Waliokuwa tayari wamekopa wakiwa masomoni wamepewa nafuu ya muda, lakini nafuu hiyo imefungamanishwa na programu waliyokuwemo. Kuhama kunaweza kukutoa ndani yake. Kabla hujafanya uamuzi wowote, iulize ofisi ya mikopo ya chuo kipya, kwa barua pepe: "Nikihamia kwenu, nitakopa chini ya masharti ya zamani au mapya, na pengo la ada litakuwa kiasi gani?"

Ada ya mkaazi wa jimbo nayo usiitegemee mwaka wa kwanza. Majimbo mengi hutaka uwe umeishi humo miezi 12 kwa sababu zisizo za masomo.

Hatua ya 7: Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1

Rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima ihamishwe kutoka chuo hadi chuo, na huhamishwa kwa tarehe mnayokubaliana na mshauri wa wanafunzi wa kigeni. Hadi siku hiyo, chuo cha zamani ndicho kinachokushikilia na kinaweza kufuta uhamisho ukibadili nia. Ikishapita, chuo kipya ndicho kinachotoa I-20, hati ya kuthibitisha kwamba unastahili kusoma kwa viza hiyo, na kibali chochote cha kazi ulichopewa kupitia chuo cha zamani kinakwisha. Ndani ya siku 15 tangu tarehe ya kuanza programu uwe umeripoti kwa mshauri wa chuo kipya.

Mtego uko kwenye miezi mitano. Masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi mitano tangu rekodi ihamishwe au tangu ulipomaliza masomo ya awali. Ukitoka Mei ukaanza Agosti, huna shida. Lakini shule ikikuambia uje Januari ili uungane na darasa la nyuma, umevuka mpaka. Mpelekee mshauri kalenda zote mbili kabla hujakubali tarehe.

Hatua ya 8: Leseni ya uanagenzi na mpangilio wa rotesheni

Leseni ya mfamasia mwanagenzi hutolewa na bodi ya jimbo. Ukihama jimbo, omba mpya mara tu upatapo barua ya kukubaliwa. Alama za vidole na uchunguzi wa rekodi ya jinai huchukua wiki nyingi, na bila leseni huwezi kusimama nyuma ya kaunta kwenye rotesheni. Ifahamishe na bodi ya zamani anwani yako mpya, na uombe uthibitisho wa saa kama jimbo jipya linautaka.

Siku ya kwanza katika shule mpya nenda ofisi ya mafunzo kwa vitendo. Waambie hujawahi kuona orodha ya vituo vyao na uulize dirisha la kuchagua APPE linafunguliwa lini. Rotesheni nne ni za lazima kila mahali: famasi ya mtaani, kliniki za wagonjwa wa nje, hospitali, na wodi ya wagonjwa waliolazwa. Anza na hizo, kwa sababu za hiari hupatikana hata kwa kuchelewa.

Hatua ya 9: Mpangilio wa kusaini

Kwanza pata barua ya tathmini inayotaja mwaka utakaoingia, masomo yaliyokubaliwa kwa majina, saa za IPPE zilizohesabiwa, na mwezi unaotarajiwa kuhitimu. Iwe na saini ya mkuu wa shule au msaidizi wake. Pili, pata barua ya ofisi ya mikopo yenye kiasi utakachopata. Tatu, kwa wa F-1, pata uthibitisho wa tarehe ya SEVIS. Nne, lipa amana. Tano, ndipo uandike barua ya kujitoa katika shule ya zamani, ukitaja kwamba unajitoa baada ya muhula kuisha, siyo siku ya barua. Kama shule yako inaruhusu likizo ya masomo badala ya kujitoa moja kwa moja, omba likizo, na usiifunge hadi utakapokuwa umekaa darasani kwenye shule mpya na jina lako liko kwenye orodha ya mwaka ulioahidiwa.

Mkataba wa nyumba uvunje baada ya hapo.